Dohani ya Bi Mbodze

Kuanzia Kilindini mpaka Mji wa Kale hapakuwa na mtu aliyejua kukausha nguo kama Bi Mbodze, na aliyetaka ushahidi angemwuliza yeye mwenyewe. Angeambiwa kwamba shuka ikipita mikononi mwake hurudi nyeupe mpaka mwenye nayo huikataa, akasema si yake. Kisha, kabla mgeni hajamaliza kustaajabu, Bi Mbodze angeongeza kwamba aliyekausha ni jua. Yeye kazi yake ilikuwa kutundika na kufukuza kunguru.

Basi mwaka ule wa tisini na saba jua likaenda zake. Zikaja zile mvua ambazo redio ilizipa jina la kigeni, El Nino, na ungedhani hilo jina ndilo lililozitia kiburi. Zilinyesha Oktoba, zikanyesha Novemba, zikapumzika nusu saa watu waende sokoni, zikarudi. Chumvi iligeuka maji ndani ya kopo. Viatu vya ngozi viliota ukungu wa kijani. Milango ya Mji wa Kale, ile mizito ya zamani, ilivimba ikakataa kufungika, na wezi nao wakakaa nyumbani maana hapakuwa na nguo kavu ya kuiba.

Bi Mbodze alikuwa dobi. Alikuwa amepanga chumba kikubwa cha chini, nyuma ya nyumba moja ya mawe iliyokuwa kongwe kuliko babu wa mtu yeyote aliyekuwa hai, chumba chenye kiua chake kidogo kilichozungukwa na kuta ndefu pande zote nne. Kazi iliyomlisha ilikuwa mashuka ya gesti moja ya Makadara. Msimamizi wa gesti hiyo, Arnold, alikuwa mtu mpole aliyevaa tai hata joto likiwa la kuyeyusha mishumaa. Jumatatu moja alikuja mwenyewe, mwavuli mkono huu na shuka mkono huu, akamwomba Bi Mbodze ainuse.

Bi Mbodze akainusa, akasema inanuka maji.

Arnold akasema, kwa adabu zake zote, kwamba wageni walisema inanuka mbuzi.

Akaeleza kwamba Ijumaa jioni walikuwa wanakuja watu wa harusi, na walikuwa wamechukua vyumba vyote. Shuka arobaini zilihitajika, kavu, zisizonuka mnyama yeyote. Zikikosekana, kazi ingekwenda kwa wale wenye mashine kule mjini, na ikishakwenda haingerudi. Akaaga, akaondoka, na mwavuli wake ukakwama mlangoni.

Bi Mbodze akakaa juu ya beseni lililofunikwa, akafikiri. Bila gesti hakuna kodi ya chumba, na bila chumba atarudi Kaloleni, akae nyumbani kwa mwanawe, pembeni mwa jiko la mkazamwana ambaye alipika mchicha mpaka ukasahau kwamba ulikuwa mboga. Akasema moyoni kwamba afadhali afe na mbuzi wake.

Alikuwa na mpwa, Kazungu, kuli wa Kilindini, kijana asiyeweza kuona kitu kimetupwa akakipita. Siku ile ile akaja na mkokoteni, na juu ya mkokoteni, chini ya turubai, palikuwa na jiko la chuma, jeusi, kimo cha mtoto wa darasa la kwanza. Lilitoka kwenye meli ya nchi za barafu ambayo vyumba vyake vilikuwa vinabomolewa. Liliwaka kwa dizeli. Halikuwa la kupikia. Kazi yake ilikuwa kupasha chumba joto, wenyewe wasigande.

Habari ilifika kwenye benchi la wanywa kahawa kabla mkokoteni haujapakuliwa. Mtu wa Mombasa, wakaambizana, amejiletea joto. Mmoja akauliza kama wiki ijayo ataagiza jasho, gunia moja au mawili. Bi Mbodze akawajibu kwamba jasho analo la kutosha, akihitaji zaidi atawaomba wao wafanye kazi siku moja, alione la ugeni. Lakini alikuwa ameshaona. Chumba chenye joto kavu, kamba zimepita huku na huku, mvua inyeshe nje mpaka ichoke. Jua la ndani.

Kilichobaki kilikuwa kuutoa moshi.

Fundi aliyeitwa alikuwa Joab, mtu wa bara aliyekuwa na kibanda cha kukunja mabati karibu na Makadara, akitengeneza masanduku na mifereji ya mvua, na ambaye zamani alikuwa amefanya kazi za mabomba ndani ya meli. Jumanne asubuhi alilizunguka lile jiko mara tatu, akafungua kifuniko, akachungulia bakuli la chuma ambamo dizeli hudondoka tone kwa tone na kuwaka. Akatikisa kichwa kama daktari.

"Mama," akasema, "moto hata mtoto huwasha. Jiko kama hili ni bomba lake. Moshi hupanda kwa sababu una joto. Upe njia iliyonyooka, usiupoze njiani, utakwenda zake hata kwaheri hutaisikia. Ukiupoza huchoka katikati, unakurudia nyumbani kama mlevi."

Bi Mbodze akasema anaelewa vizuri, marehemu mume wake alikuwa hivyo hivyo.

Kwanza walijaribu njia ya mkato. Joab akatoa bomba fupi kwenye dirisha, likaishia uani. Jiko likawaka, chumba kikaanza kupata joto, na Bi Mbodze akatundika shuka tatu kwa furaha. Haikupita robo saa. Upepo ulikuja juu ya paa, ukatumbukia ndani ya kile kiua kama jiwe kisimani, ukaukamata moshi na kuurudisha wote ndani. Walitoka wakikohoa, na zile shuka tatu zikawa na madoa meusi kama kanga, yule ndege. Zikarudi kwenye beseni.

Joab akafuta macho akasema bomba lazima lipande mpaka juu ya paa, lipite ukingo wa ukuta, liwe mahali ambapo upepo unapita bila kugonga kitu. Na juu ya paa palikuwa pa Bi Mwanakombo.

Bi Mwanakombo ndiye mwenye nyumba. Aliishi orofa ya juu na wajukuu wawili, umri wake na wa Bi Mbodze ulikuwa mmoja, na kwa miaka tisa walikuwa wamepelekeana mahamri asubuhi na maneno jioni. Alisikiliza ombi lile akiwa dirishani, uso umepambwa na huruma. Akakubali. Bomba lipande ukutani, liingie katika kile kibanda cha mabati kilichofunika mdomo wa ngazi huko juu, litokeze kwenye bati lake, liendelee. Ila alikuwa na masharti mawili.

La kwanza lilikuwa la mji mzima. Mapaa ya Mji wa Kale yanaangaliana, na huko juu ndiko wanawake wanakochana nywele, wanakoanika maembe ya achari, wanakokaa kichwa wazi wakapigwa na upepo. Hakuna mwanamume atakayepanda bila kupiga hodi kwa sauti, akangoja, watu wakajisitiri. Joab alilijua hilo kuliko kuambiwa. Kulikuwa na paa moja Kibokoni alilolipanda kimyakimya mwaka alipofika Mombasa, akashuka na alama ya kandambili shavuni. Tangu siku hiyo alikuwa akipiga hodi mara tatu, kisha anaimba ubeti mzima wa wimbo wa kanisani, taratibu, na kiitikio chake, ndipo anakanyaga ngazi ya mwisho.

Sharti la pili lilikuwa kwamba yeye mwenyewe asisumbuliwe. Magoti yake, akasema Bi Mwanakombo akiyashika, yalikuwa hayajui ngazi za paa tangu mwaka juzi. Kama bomba litaanguka, litaanguka bila ya yeye kuliona.

Siku hiyo yote Joab alifanya kazi, mvua ikimwagikia mgongoni. Alikunja bati gumu vipande vipande, akaviunganisha kwa skrubu tatu tatu, akaziba viungo kwa saruji ya majiko. Alikubali kona mbili tu, maana kila kona, alisema, ni usumbufu kwa moshi. Bomba likapanda ukutani, likaingia kibandani, likatoboa bati, likasimama mikono miwili juu ya ukingo wa paa, na kichwani akalivika kofia ya kuzuia mvua.

Kisha akashuka kwenye kazi ndogo iliyokuwa kubwa. Karibu na jiko, ubavuni mwa bomba, alikuwa ameweka kilango cha duara, kibati chepesi kinachoning'inia kwenye mhimili mwembamba kama sindano, na skrubu ndogo ya kukitia uzito. Bomba likivuta sana, kilango hufunguka chenyewe, likanywa hewa ya chumbani, likatulia. Likivuta kidogo, hujifunga. Joab aliomba kijiti cha udi. Akakiwasha, akakiweka mbele ya kilango, akatazama moshi wake mwembamba unavyolalia. Akazungusha skrubu nusu mzunguko. Akatazama. Akarudisha robo. Ndani ya jiko moto uliokuwa mrefu, wa manjano, wenye ndimi za masizi, ukaanza kufupika. Ukashika unyayo wa buluu. Ukanyamaza.

Bi Mbodze alisogea akautazama kwa muda, mikono kiunoni. Kisha akaenda kutundika shuka, na jioni ile akakunja kumi na mbili, kavu, zinanukia udi.

Jumatano asubuhi jiko lilifanya kazi kama mtu mwenye deni la shukrani. Baada ya adhana ya alasiri likabadilika. Moto ukawa mwekundu, mvivu, kilango kikajifunga ndi, na masizi yakaanza kuruka. Bi Mbodze alizishusha shuka kwa kasi ambayo magoti yake hayakuwa yameiona tangu ujana. Joab akaitwa. Akasimama katikati ya ngazi, chini ya orofa ya juu, akapiga hodi tatu, akaimba ubeti wake na kiitikio, akapanda. Juu hapakuwa na kitu. Kofia ilikuwa mahali pake, viungo vizima, ila bomba kibandani lilikuwa na majimaji kama limetoka jasho. Aliposhuka, moto ulikuwa umeshapona.

Akapunguza dizeli kidogo kwenye koki. Akarudia kilango na kijiti kingine cha udi. Kila kitu sawa.

Alhamisi asubuhi, saa nne, yakawa yale yale. Hodi tatu, ubeti, kiitikio, paa tupu, jasho kwenye bomba. Akishuka, buluu. Joab alianza kulitazama lile jiko kwa jicho la upande. Alisema amefunga mabomba ya meli zilizopita bahari zote, na hajawahi kuona moshi unaoogopa kuimbiwa. Bi Mwanakombo, dirishani, akatoa maoni yake bila kuombwa. Yeye alifikiri jiko lilikuja na jini wa kwao, jini wa baridi, hajazoea mji. Akashauri lisomewe. Na kama halisikii Kiswahili, basi lirudishwe Kilindini.

Kufikia saa tisa mchana shuka thelathini zilikuwa zimekunjwa, zimepangwa juu ya meza kama vitabu. Kumi zilikuwa kambani, bado mbichi, za mwisho. Hapo moto ukaanza kuwa mwekundu.

Joab akashika ukingo wa ngazi akajisafisha koo. Bi Mbodze akamshika mkono.

Alikuwa amekaa kutwa akifikiri neno lile la siku ya kwanza, kwamba moshi ukipozwa njiani hurudi. Mvua hailigusi bomba kibandani. Basi nini kinalipoza? Akaugeuza mkono wa fundi, akauleta puani, kiganja chote, ambacho asubuhi kilikuwa kimelishika lile bomba lenye jasho. Fundi alitahayari, lakini alitulia.

Pua ya Bi Mbodze ilikuwa imefanya kazi ya udobi miaka thelathini. Palikuwa na dizeli, palikuwa na bati. Chini yake palikuwa na sabuni ya mche, ya aina ambayo yeye hakuitumia. Na chini ya sabuni, mbali kidogo, palikuwa na maua ya langilangi. Mashuka ya gesti hayasuuzwi kwa langilangi.

"Mwanangu," akamwambia, "leo hodi usipige, na Mungu atakusamehe ubeti mmoja. Kaa hapa na udi wako. Moto ukibadilika, niambie."

Akavua kandambili. Akapanda, mkono ukutani, ngazi moja baada ya nyingine, akiyaomba magoti yake yasilie. Alipopita orofa ya juu mlango ulikuwa wazi. Dirishani hapakuwa na mtu. Yale magoti yasiyojua ngazi hayakuwamo.

Alifika mdomo wa ngazi akasimama.

Bomba lilikuwa limefungwa kama mguu wa mtu aliyetoka kwa mwunga mifupa. Kanga sita mbichi zililizunguka, moja juu ya nyingine, zimekazwa, na kwenye kona zilining'inia kanzu mbili ndogo za madrasa. Mvuke ulipanda kutoka kwenye nguo zile taratibu, unanukia langilangi. Na mbele ya bomba, mgongo kwa ngazi, miguu imenyooshwa kuelekea kwenye joto, Bi Mwanakombo alikuwa amekaa juu ya kigoda chenye mto, kikombe cha kahawa mkononi, amejifunika kanga yenye korosho nyekundu, anasikiliza mvua juu ya bati kama mtu aliyelipia.

"Salaam aleikum, mwenzangu," akasema Bi Mbodze.

Kahawa ilimwagika. Hata hivyo Bi Mwanakombo alikuwa mtu wa malezi. Aliitikia salamu mpaka mwisho, na rehema na baraka zake, ndipo akageuka.

"Hukupiga hodi."

"Hodi ni ya wanaume. Masharti ni yako."

Bi Mbodze akalisogelea bomba. Alianza kufungua kanga ya kwanza, akaitupa begani. Akafungua ya pili. Nguo zilikuwa nzito kwa maji, na bomba chini yake lilikuwa vuguvugu tu, kama kikombe kilichosahauliwa. Ya tatu ilipoburutwa sakafuni, Bi Mwanakombo akashindwa kujizuia.

"Iangalie hiyo, itashika masizi."

Ya nne ikatoka, na ya tano, na zile kanzu. Bomba likaanza kupata moto chini ya kiganja. Halafu likasikika, kutoka chini kabisa, likivuta pumzi ndefu, na sauti ya Joab ikapanda ngazini ikisema moto umesimama, una buluu, kilango kimefunguka chenyewe, mama amefanya nini huko?

Bi Mbodze akajibu kwamba ameliimbia.

Akakaa kwenye ngazi, akapumua naye. Shuka kumi zingekauka kabla ya magharibi. Kesho Arnold angekuja na tai yake, ainuse moja moja kama akitaka. Kaloleni ilikuwa mbali, na mchicha wake. Mvua ilizidi juu ya bati, na kwa mara ya kwanza tangu Oktoba aliisikiliza bila kuichukia.

Alikuwa amepanda na hasira, lakini alipoitafuta hapo alikuta haipo tena. Wajukuu wawili, nguo haikauki, na mtu aliyeweka sharti asisumbuliwe na bomba angewezaje kuja kuomba moto wake? Akamwambia mwenziwe kwamba kule chini kamba zipo na joto lipo, la kutosha meli nzima. Nguo zake angezileta tu, zingekauka pamoja na za gesti, bila hesabu, mradi bomba liachwe uchi.

Yangekwisha hapo. Lakini Bi Mwanakombo alikuwa ameshajipanga, amesimama wima, shingo imerefuka.

"Ahsante sana, lakini hizi si zangu," akasema. "Mimi kwa nguo za kuanika nakujaje huku, na magoti haya? Ni za jirani. Ameniomba nimwangalizie. Nimepanda leo tu, kwa ajili yake."

Bi Mbodze akatikisa kichwa kwa heshima. Akakitazama kigoda, akautazama mto juu ya kigoda, na birika la kahawa lililokuwa likipata joto kwenye kona ya bomba. Kisha akainuka, akafungua kanga ya sita, ya mwisho kabisa, ile iliyokuwa karibu na bati. Akaikunjua, akaishika kwa ncha mbili, akaitandaza mbele ya mwanga. Korosho nyekundu. Upindo mmoja ulikuwa umekatwa kwa mkasi, pale ilipotenganishwa na mwenziwe.

"Jirani yako ana moyo," akasema Bi Mbodze. "Nusu ya doti yake ameifunga kwenye bomba, na nusu ya pili amekuazima wewe ujifunike."

Bi Mwanakombo akainamisha macho, taratibu, akalitazama bega lake mwenyewe.